Kisu Hukaa Kati ya Slesi: Tathmini ya Ukataji wa Vipande katika Python

Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikitunza oda na madeni ya bekari moja ya Ngamiani, hapa Tanga, kwa programu niliyoiandika mwenyewe katika lugha ya Python. Zana ya lugha hiyo ninayoishika mara nyingi kuliko zote, tena kabla ya adhana ya alfajiri, ni ile ya kukata vipande, yaani kuchukua sehemu ya orodha au sehemu ya maandishi kwa kuandika namba mbili ndani ya mabano ya mraba na kuweka nukta pacha katikati yake. Ukiandika `oda[4:9]` unapewa kipande cha orodha ya oda, na orodha yenyewe hubaki nzima kama ilivyokuwa. Python hutolewa bure, na kompyuta mpakato ya mtumba niliyo nayo inaiendesha bila taabu, kwa hiyo bei sitaizungumzia. Nitazungumzia kazi, na hasa pale ambapo zana hii iliniaibisha mbele ya watu waliokuwa wakisubiri mkate wa chai. Nimeipa nyota nne kati ya tano.

Asiyeijua Ngamiani inafaa aelezwe kwamba barabara zake zinajulikana kwa namba. Mtu atakwambia anakaa Barabara ya 4 au ya 8, na msambazaji wa mikate mwenye baiskeli hahitaji ramani. Nilipoanza kazi niliona hiyo ni bahati kubwa, kwa kuwa orodha ndani ya kompyuta nayo ni mtaa wenye nyumba zilizopangwa kwa namba. Sisi tunahudumia barabara 12 za kwanza, basi nikaziweka oda zao kwa mfuatano katika orodha moja. Nilikwisha kufahamu kwamba Python huhesabu kuanzia sifuri, kwamba oda ya Barabara ya 1 hukaa katika nafasi ya 0, ya Barabara ya 2 katika nafasi ya 1, na kwamba ya 12 hukaa katika nafasi ya 11. Siku ya kwanza ya kutumia programu nilitakiwa kumchapia karatasi msambazaji wa njia ya kati, ambaye hupita Barabara ya 5 mpaka ya 9. Nikapunguza moja mwanzoni nikapata 4, nikapunguza moja mwishoni nikapata 8, nikaandika `oda[4:8]`, nikachapa, nikamkabidhi. Ilipofika saa mbili asubuhi kijana akarudi, akaegemeza baiskeli ukutani, akaniuliza kwa adabu zake zote: "Samahani kaka, Barabara ya 9 leo wamefunga?"

Hawakuwa wamefunga. Python huchukua namba ya kwanza pamoja na kitu chake, lakini kitu cha namba ya pili hukiacha nje. Kipande cha `oda[4:8]` kina nafasi za 4, 5, 6 na 7, ambazo ni Barabara ya 5 mpaka ya 8, na nilichopaswa kuandika ni `oda[4:9]`. Nikiri kwamba siku ile niliona huu ni ukorofi wa makusudi, na nusura niandike mahali kwamba zana haifai. Kwa nini mwanzo uhesabiwe na mwisho usihesabiwe? Na kama ni kupunguza moja, kwa nini nipunguze upande mmoja tu?

Aliyenifungulia fundo hilo ni mwenye bekari, mama ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Nilikuwa nimesimama mbele yake nikijitetea, naye akikata mkate wa chai ya wafanyakazi, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza: "Mwanangu, kisu unakiweka juu ya slesi au kati ya slesi?" Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, lakini tangu siku hiyo sijawahi kukosea hesabu ya namna ile. Namba za ukataji si majina ya slesi. Ni mahali pa kuweka kisu. Kisu cha 0 kiko kabla ya slesi ya kwanza, kisu cha 1 kiko baina ya ya kwanza na ya pili, na mkate wa slesi 12 una mahali 13 pa kuweka kisu, kuanzia 0 mpaka 12. Ninapotaka Barabara ya 5 mpaka ya 9, ninaweka kisu pale ambapo barabara nne zimekwisha kupita, kisha ninakiweka tena pale ambapo tisa zimekwisha kupita, na kilichomo kati ya makato hayo mawili ndicho kipande changu.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona hesabu hii ni ya kigeni, kwa sababu saa zetu tunazihesabu hivyo hivyo. Tukisema saa moja asubuhi hatumaanishi saa ya kwanza ya mchana. Ile ya kwanza imekwisha kupita yote, ilianza mapambazuko, na "moja" ni hesabu ya kilichopita. Aidha, neno letu "mpaka" lina sura mbili ambazo ndizo zilizonikwaza. Anayesema "kutoka ya 5 mpaka ya 9" anataka ya 9 iwemo, lakini anayesema shamba lake linafika mpakani hadai hata shina moja la mkonge lililo ng'ambo ya mpaka. Python inafuata mpaka wa shamba.

Mpangilio huu haukubuniwa kwa bahati nasibu. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, aliandika waraka mfupi mwezi Agosti 1982 akilinganisha namna nne za kutaja mfululizo wa namba, kwa kuhesabu au kutohesabu ncha zake, akahitimisha kwamba iliyo nyoofu kuliko zote ni ile inayohesabu mwanzo na kuacha mwisho, na kwamba kwa sababu hiyo hesabu ianze na sifuri. Mholanzi mwenzake, Guido van Rossum, alianza kuitunga Python mwishoni mwa mwaka 1989 huko Amsterdam na kuitoa kwa watu Februari 1991, naye ameeleza kwamba uzuri wa vipande vya namna hii ndio uliomvuta kuchagua sifuri. Faida zake nimeziona kwenye karatasi za wasambazaji. Urefu wa kipande ni tofauti ya namba mbili, basi tisa kutoa nne ni barabara tano, na hakuna haja ya kuhesabu kwa vidole. Tena, nikigawa njia tatu kwa `oda[:4]`, `oda[4:9]` na `oda[9:]`, namba inayofunga njia moja ndiyo inayofungua inayofuata, kwa hiyo hakuna barabara itakayopata mikate mara mbili wala itakayorukwa. Namba ikiachwa wazi mwanzoni maana yake ni tangu mwanzo, na ikiachwa wazi mwishoni ni mpaka mwisho. Ingekuwa kila njia inahesabu ncha zote mbili, ningalazimika kukumbuka kuongeza moja kila ninapovuka kutoka njia moja kwenda nyingine, na ninajijua, siku ya Ijumaa ningesahau.

Sasa nifike kwenye nyota niliyoikata. Ukiiomba Python kitu kimoja kisichokuwepo, kwa mfano `oda[12]` katika orodha ya vitu 12, inasimama papo hapo na kutoa hitilafu. Ukiiomba kipande, tabia inabadilika kabisa: `oda[10:50]` inakupa viwili vilivyopo na kunyamaza, `oda[20:30]` inakupa orodha tupu na kunyamaza, na hata ukigeuza namba kwa bahati mbaya ukaandika `oda[9:4]`, unapewa orodha tupu bila neno la onyo. Upole huu una mahali pake. Ninapopanga lebo za mikate 130 kwenye kreti za 24, ninakata kila mara vipande vya 24, na kreti ya mwisho inayoomba `lebo[120:144]` inapata 10 zilizobaki bila mimi kuandika sharti lolote la ziada. Kwa kazi ya kreti, sitaki kelele.

Lakini kwa kazi ya barabara, ukimya huo ni hasara. Kuna usiku mtandao ulikatika wakati faili la oda likishushwa, likaingia likiwa na barabara saba tu. Programu ikaomba `oda[4:9]`, ikapata tatu, ikachapa karatasi safi yenye mistari iliyonyooka na jumla iliyopigwa chini vizuri kabisa, na msambazaji akaondoka na mikate ya barabara tatu. Karatasi iliyo pungufu haikuwa na dalili yoyote ya kuitofautisha na karatasi kamili. Najua watunzi wa programu wengi wanauhesabu ukimya huu kuwa ni ustaarabu. Wengi wao, nadhani, hawajaulizwa na mama mwenye watoto wanaokwenda shule mkate wake uko wapi.

Namba hasi, ambazo huhesabu kutoka mwisho, ndizo ninazozipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya zana hii. `mauzo[-7:]` ni siku saba za mwisho, iwe mwezi una siku 28 au 31, na `mauzo[:-1]` ni siku zote isipokuwa ya leo ambayo bado haijafungwa. Hata hivyo zina shimo moja ambalo nalo hujifunika kwa ukimya. Nilikuwa nikimchapia kila mteja bili zake ambazo hazijalipwa kwa kuandika `bili[-n:]`, ambapo n ni idadi ya bili anazodaiwa. Mteja wa bili tatu alipata tatu, wa moja alipata moja, na mteja mmoja mwaminifu, asiyedaiwa hata senti, alipata orodha ya bili zake zote tangu alipoanza kununua kwetu. Sababu ni kwamba hasi sifuri ni sifuri tu, na `bili[0:]` maana yake ni kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilikwenda kumtaka radhi mwenyewe. Siku hizi ninaandika `bili[len(bili)-n:]`, ambapo `len` hutoa idadi ya bili zote, na n ikiwa sifuri inaweka kisu mwisho kabisa wa mkate na kurudisha kipande kitupu, kama inavyostahili.

Katika maandishi zana hii inafanya kazi kwa sheria zile zile, na kwa mambo yenye urefu usiobadilika inastahili sifa. Wateja wengine huandika namba ya simu kwa kuanza na sifuri na wengine kwa 255, lakini `simu[-9:]` inatoa tarakimu tisa zile zile kwa wote, mradi namba imehifadhiwa kama maandishi. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo ninapoandikisha msambazaji mpya mwaka wake ni `[:4]`, mwezi ni `[4:6]`, na siku ni `[6:8]`. Ushauri wangu hapa ni kuvipa vipande majina: ukiandika mara moja `MWAKA = slice(0, 4)`, baadaye unaweza kuandika `namba[MWAKA]`, na atakayeisoma programu baada yako hatahitaji kukisia sifuri na nne ni za nini.

Kinachonisikitisha ni kwamba zana haijui silabi zetu, na pengine si haki kuidai hivyo. Nilipokuwa ninajifunza nilitaka kuitumia kwa mchezo wa kinyume, ule wa kupeleka silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno ili wakubwa wasielewe. `neno[-2:] + neno[:-2]` iligeuza "samaki" kuwa "kisama" barabara, nikafurahi sana, kisha nikajaribu "kesho" nikapata "hokes" badala ya "shoke". Kwetu "sh" ni sauti moja. Kwa Python ni herufi mbili, na "ng'" ni alama tatu. Mchezo ni mchezo, lakini kasoro hiyo hiyo ilinifuata kazini. Mashine yetu ya risiti ina nafasi chache, nikawa ninayakata majina ya wateja kwa `jina[:12]`, na mteja mmoja alikuwa amepamba jina lake kwa picha ya bendera ya Tanzania. Bendera moja ya namna hiyo hutengenezwa kwa alama mbili zilizoshikana, na kisu kilipita katikati yake, ikabaki nusu ambayo haionyeshi bendera yoyote. Anayeshughulika na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambacho katika miji hii ya pwani si kitu cha ajabu, ajihadhari zaidi, kwa maana alama za irabu, yaani fat-ha, kasra na dhumma, huhesabiwa kila moja peke yake, na ukataji unaweza kumwachia konsonanti bila irabu yake.

Namba ya tatu, ya hatua, nitaipitia kwa haraka kwa sababu ninaitumia kwa nadra. `mauzo[::7]` huchukua siku moja katika kila saba, na `mauzo[::-1]` hugeuza orodha nyuma mbele, jambo ambalo hunisaidia kuona ya leo juu. Hatua ya sifuri hukataliwa kwa hitilafu, nami nashukuru kwamba angalau hapo sauti inatoka.

Lipo suala la nakala ambalo anayenuia kuitumia Python kwa mahesabu makubwa anapaswa kulijua kabla halijamfika. Kipande cha orodha ya kawaida ni orodha mpya. Ukibadilisha kitu ndani ya kipande, ya asili haiguswi, isipokuwa vitu vyenyewe viwe ni orodha ndani ya orodha, maana hizo za ndani zinabaki zile zile kwa pande zote mbili. Lakini katika NumPy, maktaba inayotumiwa sana kwa majedwali ya namba, kipande ni dirisha tu la kutazamia jedwali lile lile. Nilikata siku 31 za Januari, nikazipandisha kwa bei mpya ili nijaribu makisio, na niliporudi kwenye jedwali la mwaka nikakuta Januari imepanda kweli. Ilifanywa hivyo ili kuokoa kumbukumbu ya kompyuta, na ni sababu nzuri. Ila mabano yale yale yenye nukta pacha ile ile kufanya mambo mawili tofauti ni jambo la kumchanganya mtu mzima.

Nikilinganisha na nilizowahi kuzigusa, Excel huhesabu herufi kuanzia moja na hutaka uitajie urefu badala ya mwisho, nayo ndiyo rahisi kumfundisha karani. R, lugha nyingine ya programu, nayo huanza na moja na huhesabu ncha zote mbili, kwa hiyo `x[5:9]` ingenipa Barabara ya 5 mpaka ya 9 siku ile ile ya kwanza bila fedheha, lakini namba hasi kule maana yake ni kuondoa kitu, si kuhesabu kutoka mwisho. Lugha ya Java, ukikata maandishi kupita mwisho wake, husimama na kulalamika, na hapo ndipo ninapoionea wivu.

Dawa niliyoipata kwa Python ni mstari mmoja: kabla ya kuchapa karatasi yoyote, programu inalinganisha urefu wa kipande na tofauti ya namba mbili nilizoomba, na visipolingana inagoma. Tangu niuandike mstari huo imegoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika 9 kabla ya 4 kwa usingizi. Mara ya pili ilichapa njia ya kwanza na ya kati bila shida, ikagoma kwenye `oda[9:12]`, ikisema imepata mbili badala ya tatu, nami nikakaa na orodha hadi nilipoelewa. Usiku uliotangulia, duka la Barabara ya 3 lilikuwa limeahirisha oda, nami nikaandika `oda[2:3] = []` nikidhani ninaiacha nafasi ikiwa tupu. Python haiachi tupu. Huondoa slesi yenyewe na kuusogeza mkate wote, kwa hiyo Barabara ya 4 ilikuwa imekaa mahali pa ya 3, ya 5 mahali pa ya 4, na karatasi mbili nilizokwisha kuzichapa zilikuwa na makosa kuanzia hapo mpaka chini. Nilizichana, nikaipakia orodha upya, nikaandika `oda[2] = 0` badala ya mstari ule, na wasambazaji wakaondoka saa kumi na moja na nusu, wakiwa wamechelewa robo saa.